Gemu la Bure, Bando la Laki: Kujifunza Kupigana Angani Ukiwa Kinyangiri

Magemu mawili ya ndege za kivita yanayosifiwa sana duniani, War Thunder na DCS World, hupakuliwa bila kulipa hata senti. Lakini kwa mtu aliyeko Kinyangiri, katika Wilaya ya Mkalama, ambako intaneti ni bando la simu na kompyuta ni ile iliyokuja na basi kutoka Singida mjini au Dar es Salaam, hayo mawili ndiyo ghali kupita mengine nitakayoyataja. Gemu la mwaka 2006 linalouzwa dola 10, na jingine dogo la Mjapani mmoja lisilouzwa kabisa, yatamfundisha mwanzo wa kupigana angani kwa gharama ndogo zaidi na, kwa maoni yangu, yatamfundisha vizuri zaidi. Nitalionyesha hilo kwa hesabu. Pesa ya alizeti huingia kwa msimu, na inauma kuona kijana anaimalizia kwenye mashine na bando, halafu anabaki anatazama mstari wa kupakua uliokwama njiani.

Kabla ya bei, tuulize kwanza kinachonunuliwa. Anayeanza hanunui picha nzuri wala wingi wa ndege. Ananunua nafasi ya kurudia mambo machache mpaka mikono iyazoee: kutunza kimo na mbio, kumwona adui popote alipo, kupiga mbele ya shabaha, na kujinasua anapofukuzwa. Gemu linalomruhusu kurudia pambano lilelile jioni nzima lina thamani kuliko linalompa mapambano mawili na robo tatu ya saa ya kusubiri.

Tuanze na kimo, maana ndicho kinachopuuzwa zaidi. Kila aliyefuga kuku Singida amemwona mwewe kazini. Huzunguka juu, hushuka kwa kasi kutoka upande ambao kuku hakuutazama, hunyakua, kisha huitumia kasi ileile kupanda tena. Akikosa, habaki uani kukimbizana na tetea. Hurudi juu na kusubiri. Rubani wa kivita hufanya vivyo hivyo, kwa sababu kimo ni mbio zilizowekwa akiba. Ndege inayokwenda kilomita 300 kwa saa ikishuka mita 1,000, kama hewa isingeizuia, ingefika chini ikiwa na karibu kilomita 587 kwa saa. Hewa inazuia, hivyo utapata pungufu ya hapo, lakini bado utakuwa umemwacha mbali yule aliyekuwa anazungukazunguka chini. Ukikosa shabaha, vuta usukani kwa utulivu, panda, anza upya.

Anayeanza hufanya kinyume. Akikosa, hukata kona kali kumfuata adui, na kona kali hula mbio. Baada ya mizunguko miwili yuko chini, ndege imelegea, mabawa hayashiki hewa, na adui yuko mgongoni. Hapo hulaumu gemu au jostiki. Kosa lilitokea dakika moja kabla, alipokubali kukata kona na mtu mwenye ndege nyepesi kuliko yake.

Hesabu ya kona nayo inafaa kujulikana. Mbio zikiongezeka mara mbili, huku unavuta usukani kwa nguvu ileile ya kukukandamiza kitini, duara lako la kona huwa kubwa mara nne. Kwa hiyo mwenye mbio nyingi hawezi kuingia ndani ya duara la mwenye mbio ndogo kwa kuvuta tu. Dawa ni kubadilisha mbio kuwa kimo: inua pua juu ya duara la adui, acha ndege ipungue kasi, geuza ukiwa huko juu, kisha shuka ndani ya duara lake. Marubani huiita yo-yo ya juu. Nikiambiwa nimfundishe mtu mbinu moja tu, nitamfundisha hiyo, kwa kuwa inamzoesha kufikiri kwa kimo badala ya kuvutavuta usukani. Mmarekani John Boyd, akisaidiana na mwanahisabati Thomas Christie, ndiye aliyeiweka fikra hii katika fomula kamili miaka ya 1960, lakini marubani waliijua kwa vitendo muda mrefu kabla. Mwaka 1916 Mjerumani Oswald Boelcke aliandika kanuni nane za kupigana angani, na ya kwanza ilimtaka rubani apate kwanza nafasi ya juu, jua likiwa mgongoni mwake, ndipo ashambulie.

Kuna mtu aliyetoka Dar es Salaam kwenda kupigana angani bila kufundishwa lolote kati ya haya. Roald Dahl, ambaye baadaye dunia ilimfahamu kwa hadithi za watoto, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell jijini humo vita vilipoanza mwaka 1939. Alikwenda Nairobi kwa gari, akajiunga na jeshi la anga la Uingereza, akajifunza kurusha Tiger Moth juu ya mbuga za Kenya, kisha akapelekwa Habbaniya nchini Iraki. Katika kitabu chake cha mwaka 1986, Going Solo, anaeleza kwamba alijua kurusha ndege, ila hakuna aliyemwonyesha namna ya kupigana nayo. Aprili 1941 alikuwa Ugiriki ndani ya ndege ya kivita ya Hurricane aliyokuwa ameizoea kwa saa chache tu. Tarehe 20 mwezi huo, kwa simulizi yake, Hurricane 12 ziliruka kupigana juu ya Athens na 5 ziliangushwa. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Pat Pattle, Mwafrika Kusini aliyekuwa mmoja wa marubani hodari kabisa wa jeshi hilo. Vijana waliokuwa na Dahl walijifunza huku wakipigwa risasi za kweli.

Mafunzo waliyoyakosa, leo yanapatikana bila malipo. Jeshi la maji la Marekani huweka wazi vitabu vyake vya kufundishia wanafunzi wa urubani, pamoja na kile cha mbinu za msingi za mapambano, na faili lake halizidi uzito wa video fupi. Maandishi ya Boyd pia yanapatikana. Pakua hivyo kabla ya gemu lolote. Yapo mafunzo mengi ya video, lakini video hula bando. Kitabu utakisoma hata mtandao ukikatika wiki nzima.

Baada ya kimo na kona huja kulenga, na hapa hesabu inasema kuliko maelezo. Risasi za Hurricane zilikwenda takribani mita 750 kwa sekunde. Adui akikukatizia kwa kilomita 400 kwa saa, umbali wa mita 200, risasi itachukua zaidi kidogo ya robo ya sekunde kumfikia, na katika muda huo atakuwa amesogea karibu mita 30. Hurricane yenyewe ina urefu usiofika mita 10. Ukimlenga pale alipo, risasi zako zitapita mbali nyuma ya mkia wake. Zipo njia mbili za kutoka hapo: kusubiri mpaka uwe nyuma yake, mnakwenda njia moja, au kumkaribia mpaka mabawa yake yajaze kioo. Anayeanza afanye yote mawili. Asifyatue kwa pupa, maana Hurricane yenye bunduki nane ilikuwa na risasi za kutosha sekunde kama 15 tu za kufyatua mfululizo, na magemu ya kweli huheshimu hesabu hiyo.

Anapofukuzwa, asikimbie moja kwa moja kwenye mstari ulionyooka isipokuwa ana uhakika ndege yake ina mbio zaidi. Amgeukie mfukuzaji, ampunguzie nafasi ya kulenga, amlazimishe apite. Wala asikubali kukutana uso kwa uso huku wote wawili wanafyatua. Hiyo ni bahati nasibu, na mtu mwenye ndege iliyoharibika hajifunzi kitu tena jioni hiyo. Apinde kando kidogo, aache mwenzake apite, ndipo ageuze.

Yote hayo yanategemea jambo moja ambalo matangazo ya magemu hayalitaji: shingo. Rubani hutumia muda mwingi kutazama pembeni, juu na nyuma kuliko mbele. Ukimpoteza adui machoni, pambano limekwisha hata kama hujaanguka bado. Kwa sababu hiyo, swali langu la kwanza kwa kila chaguo ni hili: nitawezaje kugeuza kichwa huku mikono inarusha ndege?

Simu inashindwa hapo hapo. Simu za Tecno na Infinix zilizojaa mitaani zina nguvu ya kuendesha magemu kama Warplanes: WW2 Dogfight, na War Thunder ina toleo lake la simu. Lakini vidole viwili vinavyogusa kioo vinarusha ndege, vinafyatua na vinaziba sehemu ya anga kwa wakati mmoja. Cha kutazama nyuma hakibaki. Gemu hufidia kwa mishale na alama zinazokuonyesha adui alipo, kwa hiyo kile ulichotaka kujifunza mashine inakufanyia. Isitoshe, mengi yametengenezwa ili ulipie ndege bora unapochoka kupigwa. Kama simu ndiyo kitu pekee ulicho nacho, itumie kujua kama mchezo huu unakuvutia, lakini usiweke pesa humo.

Banda la gemu nalo tulipitie haraka. Pleistesheni za mabanda yetu zimefungiwa mpira, na mwenye banda ana sababu yake: mechi ya mpira inaisha upesi na mteja mwingine analipa. Ace Combat 7, ya mwaka 2019, ni gemu zuri la hadithi na haidai intaneti kwenye misheni zake, ila ndege moja hubeba makumi ya makombora na mbinu za kimo na mbio hazipewi uzito unaostahili. Kwa furaha, sawa. Kwa kujifunza, hapana.

Sasa War Thunder, ambalo kila mtu ataulizia. Ni gemu la kampuni ya Gaijin, lilifunguliwa kwa umma mwaka 2012, na ni zuri kweli. Sitamdanganya mtu kwa sababu ya bando. Lina ndege za mataifa mengi kuanzia za mabawa mawili hadi za makombora. Tatizo ni uzito wake. Sehemu ndogo kabisa inayokuwezesha kucheza inazidi gigabaiti 20, na gemu kamili huzidi 60. Mwaka 2021 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliweka kiwango cha chini na cha juu cha bei ya data: shilingi 2.03 hadi 9.35 kwa megabaiti. Tuchukue kile cha chini kabisa, yaani takribani shilingi 2,080 kwa gigabaiti. Gigabaiti 20 ni zaidi ya shilingi 41,000. Gigabaiti 60 ni karibu 125,000. Kwa kile cha juu, gigabaiti 20 peke yake hufika 191,000. Halafu kila baada ya muda huja masasisho ya gigabaiti kadhaa, na usipoyapakua huingii. Kucheza kwenyewe hakuli data nyingi. Kinachokumaliza ni huko kupakua.

Na hata ukishalipia, gemu lote lipo mtandaoni. Seva zake hazipo Afrika Mashariki, kwa hiyo kila unachofanya husafiri kwenda Ulaya au kwingine na kurudi. Mnara wa simu ukiyumba katikati ya kona, adui anaruka kutoka hapa hadi pale kwenye kioo chako. Utakutana pia na watu wenye miaka kumi ya uzoefu tangu siku ya kwanza. Watakuangusha bila wewe kuelewa kilichotokea, na pambano lile hutaweza kulirudia ili uelewe. Kwa anayeanza, hilo linaniudhi kuliko gharama.

DCS World ya kampuni ya Eagle Dynamics ni jambo jingine. Ndiyo iliyo karibu zaidi na ndege ya kweli. Katika ndege zake nyingi, karibu kila swichi ndani ya chumba cha rubani inafanya kazi. Unapewa bure ndege mbili, na hapo anayeanza asome kwa makini kabla ya kupakua. Su-25T ni ndege ya kushambulia vifaru na magari ardhini, nzito kwa kona. TF-51D ni Mustang ya mafunzo isiyo na bunduki hata moja. Kwa hiyo ukitaka kupigana angani lazima ununue. MiG-21bis, ndege ya jamii ambayo Tanzania na Uganda zote zilikuwa nayo wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei yake ya kawaida ni kama dola 50. Kwa dola moja kuwa shilingi 2,600, hiyo ni 130,000 kwa ndege moja. Kampuni huruhusu kuijaribu ndege kwa wiki mbili kabla ya kununua, na huo ni uungwana. Lakini gemu lenyewe linataka zaidi ya gigabaiti 100 za diski, yaani bando la zaidi ya laki mbili kwa bei ile ya chini, na mashine yenye kadi ya picha ya kisasa na RAM ya gigabaiti 16 kwenda juu. Kwa makadirio yangu milioni mbili ni mwanzo tu. Mwenye nazo azitumie. Anayeanza asikope kwa ajili hiyo.

Chaguo ninalolipendekeza ni IL-2 Sturmovik: 1946. Mwanzilishi wa mfululizo huo ni Mrusi Oleg Maddox, gemu la kwanza likatoka mwaka 2001, na hili la 1946, lililotoka mwaka 2006, lilikusanya yote yaliyotangulia: zaidi ya ndege 200 unazoweza kurusha mwenyewe. Kwenye duka la GOG huuzwa dola 10, na duka hilo halifungi faili kwa kufuli la mtandaoni, hivyo ukishapakua unaweza kulisimika tena bila intaneti hata baada ya miaka mitano. Upakuaji hauzidi gigabaiti 10. Jumlisha: shilingi 26,000 za gemu, na 21,000 za bando kwa hesabu ileile. Chini ya elfu hamsini, mara moja, basi. Malipo hufanywa kwa kadi, na kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma za pesa za simu kama M-Pesa inatosha.

Kinachonifanya nilipende si bei pekee. Lina ukurasa wa kuunda pambano la haraka: unachagua ndege yako, ya adui, kimo, na ni nani anaanza akiwa na faida. Weka Hurricane yako mita 1,000 juu ya adui mmoja, fanya shambulio la kushuka na kupanda, ukikosea bonyeza urudie papo hapo. Geuza mambo: weka adui juu yako, jifunze kujinasua. Ukitaka, zima kwanza ugumu wa ndege kupoteza hewa mabawani, ukizoea uuwashe. Pambano unaweza kulirekodi, kisha ukalitazama kutoka upande wa adui, na hakuna mwalimu atakayekuonyesha kosa lako waziwazi kuliko picha hiyo. Kuna pia kitufe cha kufungia macho kwa adui ili kichwa kimfuate chenyewe. Kitumie wiki za mwanzo, kisha kiache, la sivyo shingo haitajifunza.

Picha zake ni za zamani, sitaficha. Miti ni bapa na nyumba ni masanduku. Baada ya pambano la tatu hutaona tena miti.

Na mwenye kompyuta hafifu kabisa, au asiye na njia ya kulipa mtandaoni, asikate tamaa. YSFlight, iliyotengenezwa na Mjapani Soji Yamakawa na kutolewa tangu mwaka 1999, ni ya bure kweli, haina tangazo wala duka ndani yake, na faili lake ni dogo kiasi kwamba bando la elfu mbili linabakiza chenji. Inaendeshwa na mashine ambazo ofisi zimeshazitupa. Ndege zake ni kama za karatasi kwa sura, ila zina kimo, mbio na kona zinazotii kanuni nilizoeleza, na adui wa kompyuta anajua kukufuata mkiani. Kwa kuanza kesho asubuhi bila kununua chochote, sijui jingine linaloizidi.

Kuhusu mashine, tafuta mpakato wa mtumba wa ofisi: Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad, ambazo mara nyingi hupatikana kati ya laki tatu na nusu na laki sita kutegemea umri. RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD zinatosha kwa magemu haya mawili na kazi za shule juu yake. Kabla ya kulipa, iwashe ikitumia betri peke yake, uone inakaa dakika ngapi. Umeme unapokatika katikati ya jioni, betri nzuri ndiyo inayokufaa kuliko kasi.

Umeme wenyewe una hesabu yake, na watu huusahau. Mpakato hula kama wati 65. Saa 15 za kucheza ndiyo uniti moja. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha ya kuendesha DCS ikila wati 300, saa tatu kila siku ni uniti 27 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, uniti 75 za kwanza ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na zinazozidi hapo ni 350. Nyumba yenye friji na televisheni, iliyokuwa inajibana ndani ya 75, itasukumwa nje na gemu la kijana, na mama mwenye nyumba ataliona kwenye Luku kabla ya mtu kumwambia.

Sasa imebaki jostiki, na hapa ndipo ningeweka pesa iliyobaki badala ya kuongeza nguvu ya mashine. Logitech Extreme 3D Pro, ambayo Marekani huuzwa karibu dola 40 na huku huongezeka kwa usafiri na ushuru, ina vitu vinne vinavyohitajika: usukani wa kuinamisha, kuzungusha kwa ajili ya usukani wa mkia, kidhibiti cha nguvu ya injini, na juu yake kitufe cha kidole gumba chenye pande nane za kutazama. Hicho cha mwisho ndicho shingo yako. Kama pesa haitoshi, pedi ya USB ya waya inayofanana na ya Pleistesheni huuzwa bei ndogo mno, nayo ina vijiti viwili: kimoja cha kurusha, kingine cha kutazama. Inachosha kidole kwa kulenga, lakini inashinda kibodi kwa mbali. Jostiki ya mtumba ijaribu dukani: iachie katikati, uangalie kama alama kwenye kioo inatulia. Ikitetemeka, iache, hata wakipunguza bei.

Ipo programu ya bure inayoitwa opentrack, inayotumia kamera ya mpakato kufuata kichwa chako chenyewe. Kwa mashine ya zamani ni mzigo juu ya mzigo. Ijaribu ukishapata mashine yenye nguvu zaidi.

Jihadhari pia na magemu yanayogawiwa kwenye flashi na vibanda vya kuingizia nyimbo, yale yaliyovunjwa kufuli. Virusi vinavyokuja navyo hufuta kazi za shule za mtu. Gemu la dola 10 si la kuibiwa.

Faida nyingine ya magemu haya mawili ya zamani, IL-2 na YSFlight, ni kuwa wawili mnaweza kupigana bila bando hata kidogo. Simu moja ikiwasha hotspoti, data ikiwa imezimwa, mipakato miwili inaonana. Mmoja anafungua pambano, mwingine anaingia. Hapo ndipo mtajifunza kile ambacho kompyuta haifundishi vizuri, yaani kupigana wawili kwa wawili. Mwaka 1942 Mmarekani John Thach aliwafundisha marubani wake, ambao ndege zao zilizidiwa kwa kona na Zero za Wajapani, waruke wawili wakiwa wameachana kwa nafasi, na anayefukuzwa amgeukie mwenzake ili mfukuzaji aingie mbele ya bunduki za yule wa pili. Wekeni adui wawili wa kompyuta wenye ndege bora kuliko zenu, mjaribu hilo mkiongea kwa mdomo chumba kimoja. Mtakosana nani alipaswa kugeuka kwanza, na mabishano hayo ndiyo somo lenyewe.

Miezi michache ya hivyo ikipita, War Thunder ikiwa bado inakuita, ipakue ile sehemu ndogo siku utakayokuwa mahali penye waifai isiyohesabiwa, kwa ndugu aliyeko mjini au chuoni. Chagua upande wa Uingereza, ambako Gladiator na Hurricane zimo mwanzoni, na mapambano ya kiwango cha kati, yanayoanzia uwanjani na yasiyokuonyesha kila adui kwa alama. Wengine wote watakimbilia katikati. Wewe geuza pua pembeni, acha injini ivute, panda kwa dakika kadhaa bila kufyatua risasi hata moja, ndipo urudi ukiwa juu yao.